Défaite: mwongozo kamili wa neno la Kifaransa la kushindwa

Timu ikipoteza mechi, Mswahili husema imefungwa. Mfaransa husema kinyume chake: imefunguliwa. Défaite imezaliwa na kitenzi défaire, yaani kufungua kilichofungwa na kuvuruga kilichopangwa, iwe ni fundo, mzigo, kitanda kilichotandikwa au jeshi lililosimama safu. Ukishika picha hiyo ya safu iliyokaza kisha ikafumuka, nusu ya matumizi ya neno hili utayakisia mwenyewe.

Nusu ya pili ndiyo inayotuponza, na kosa halitoki kwenye Kifaransa. Linatoka kwenye kitenzi chetu kushindwa, ambacho kimebeba mizigo mitatu ambayo Mfaransa huigawa kwa watu watatu. Kwa hiyo kabla ya kuandika défaite popote, kuna swali la kujiuliza, na tutalifikia baada ya kuliweka neno mdomoni.

Matamshi

Neno lina silabi mbili tu: dé-faite. É yenye mkwaju juu ni karibu sawa na e ya Kiswahili, midomo ikiwa imebanwa kidogo. Ai ni e iliyo wazi zaidi, mdomo ukishuka. E ya mwisho haitamkwi, lakini kazi yake ni kubwa: ndiyo inayofanya t isikike. Ukiiondoa unabaki na défait, inayotamkwa "defe" bila t kabisa.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuongeza irabu mwishoni, "defeti", kwa sababu ulimi wa Kiswahili haupendi neno kuishia kwenye konsonanti. Sema "defeti" polepole, kisha urudie ukiikata i kabla haijatoka: ulimi ubaki umegusa nyuma ya meno. La pili ni mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Mfaransa hukaza ya mwisho: si DE-fet, ni de-FET. Likifuatwa na irabu, ile t huhamia neno linalofuata, hivyo une défaite amère (kushindwa kuchungu) husikika "de-fe-ta-mer".

Angalia pia kwamba défaite na des fêtes (sherehe) husikika sawasawa. Redioni huwezi kuzitenganisha kwa sikio, bali kwa maneno yanayozizunguka. Ukisikia une au la mbele yake, ni défaite. Ukisikia la saison des fêtes mwezi Desemba, hakuna aliyepigwa. Ni Krismasi na Mwaka Mpya.

Swali la kwanza: kushindwa kupi?

Chukua sentensi tatu. "Tanzania ilishindwa na Kenya." "Juma ameshindwa mtihani." "Nimeshindwa kufika jana." Kiswahili kinatumia mzizi mmoja bila tabu. Kifaransa kinataka njia tatu tofauti.

Kwenye sentensi ya kwanza kuna mpinzani. Mtu au kundi jingine limeshinda kwa sababu wewe umeshindwa. Hapo ndipo nyumbani kwa défaite: vita, mechi, uchaguzi, mashindano ya aina yoyote. Nomino ni une défaite, vitenzi ni perdre (kupoteza) na être battu (kupigwa).

Kwenye ya pili hakuna mpinzani. Kuna jambo ulilolijaribu na halikufaulu. Neno lake ni échec, linalotamkwa "eshek", na k ya mwisho inasikika. Kitenzi ni échouer: Juma a échoué à l'examen. Kwa mazungumzo ya kawaida husemwa Juma a raté son examen. Watu wa pwani wataipenda échouer, kwa sababu ndicho kitenzi cha chombo kupwelewa: jahazi limekaa juu ya mchanga, halisongi mbele, na hakuna adui aliyelifanya hivyo. Picha hiyo inatosha kukukumbusha kwamba échec haihitaji mshindi. (Na kwa kuwa tumegusa mitihani: passer un examen si kufaulu, ni kufanya mtihani tu. Kufaulu ni réussir. Barua nyingi za kuomba nafasi ya masomo zimeharibika hapo.)

Kwenye ya tatu huna mpinzani wala jaribio kubwa, umekosa uwezo au nafasi tu. Hapo Kifaransa hakitumii nomino yoyote: Je n'ai pas pu venir hier. Ukishindwa kufungua mlango, ni je n'arrive pas à ouvrir la porte. Ukimwandikia mwalimu wako kwamba kutokufika kwako ni une défaite, atadhani umepigana na mtu njiani.

Kuna mambo yanayosimama katikati. Kesi mahakamani ina mpinzani, lakini husemwa zaidi perdre son procès kuliko kutaja défaite. Mazungumzo ya amani yaliyovunjika ni échec, hata kama pande mbili zilikuwa adui, kwa sababu kilichokwama ni mazungumzo yenyewe. Kocha aliyefukuzwa baada ya msimu mbovu amepata défaites nyingi, moja kwa kila mechi, lakini msimu mzima ni un échec. Na "Ushindwe!" ya kumkemea shetani haina uhusiano na lolote kati ya hayo, Mfaransa husema Arrière, Satan!, rudi nyuma.

Jinsia na kivumishi

Défaite ni ya kike: une défaite, la défaite, sa défaite. Échec ni ya kiume: un échec, l'échec. Kila kivumishi hufuata. Tarehe 18 Juni 1940, kupitia BBC jijini London, Jenerali de Gaulle aliwauliza Wafaransa: "La défaite est-elle définitive ? Non !" Sentensi fupi hiyo ni somo zima la jinsia. Elle inarudia défaite, na définitive imevaa umbo lake la kike. Kama angekuwa anazungumzia échec, ingekuwa l'échec est-il définitif.

Vivumishi vinavyoambatana na neno hili si vya kubuni. Vingi vimekwisha kuzoeana nalo kama wali na mchuzi. Vya kukariri kwanza:

- lourde défaite: kushindwa kwa tofauti kubwa. Lourde (nzito) hutangulia nomino.
- courte défaite: kushindwa kwa tofauti ndogo, kama bao moja. Nacho hutangulia.
- défaite écrasante: ya kusagwa, hakuna mashaka nani alikuwa bora.
- défaite cuisante: inayounguza. Inataja uchungu wa aibu kuliko idadi ya mabao. Unaweza pia kusema une cuisante défaite.
- défaite honorable: umeshindwa, lakini kichwa kiko juu.

Usichanganye cuisante na écrasante. Bao 1-0 dhidi ya timu ndogo, nyumbani kwako, ni cuisante lakini si écrasante. Zaïre kufungwa 9-0 na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia la 1974 ni écrasante kwa kila kipimo. TP Mazembe kupoteza 3-0 kwa Inter Milan mwaka 2010 kulikuwa lourde kwa mabao, lakini gazeti lingeweza kuandika honorable bila kuchekwa, kwa sababu hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu.

Nani kashindwa, na nani, wapi

Hapa ndipo tafsiri nyingi hugeuza matokeo juu chini. De baada ya défaite humtaja aliyeshindwa. La défaite de la France ni Ufaransa iliyoshindwa, si ushindi dhidi ya Ufaransa. Aliyeshinda hutajwa kwa face à, contre au devant, na kwa maana vihusishi hivyo vitatu viko sawa. Mfano wa kweli, Seoul, tarehe 31 Mei 2002: la défaite de la France face au Sénégal. Bao moja kwa bila, mabingwa wa dunia chini.

Face à hukunjamana na kitambulishi cha nchi (le, la, les), kwa hiyo lazima ujue jinsia ya nchi yenyewe. Kwa nchi zetu: face au Kenya, face au Rwanda, face au Burundi, face à la Tanzanie, face à la RDC (Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), face à l'Ouganda, face aux Comores. Contre na devant ni rahisi zaidi kwa sababu hazikunjamani: contre le Kenya, contre les Comores. Ukiwa na shaka chukua contre, na jinsia ya nchi bado uikague.

Kwa hiyo mechi ya Cairo ya tarehe 27 Juni 2019 itaandikwa: la défaite de la Tanzanie face au Kenya (3-2). Kwa maneno, namba kubwa hutangulia: trois buts à deux.

Sasa mtego. De hiyohiyo ikifuatwa na jina la mahali pa vita haitaji aliyeshindwa; inataja uwanja. La défaite de Waterloo ni ya Napoléon, si ya kijiji cha Waterloo. La défaite d'Adoua ya mwaka 1896 ni ya Waitalia, na Ethiopia ndiyo iliyoshinda. La défaite de Diên Biên Phu, Mei 1954, ni ya Ufaransa. Ili kuondoa utata, waandishi makini huongeza kivumishi cha taifa: la défaite italienne d'Adoua. Mji wa Sedan una vita vya 1870, ambako Napoléon III alitekwa, na una klabu ya mpira pia, hivyo la défaite de Sedan kwenye kichwa cha habari inaweza kuwa msiba wa taifa au matokeo ya Jumamosi. Tazama ukurasa uliopo.

Vitenzi vinavyolibeba

Faire une défaite haipo. Wala avoir une défaite haipendezi. Chagua kati ya hivi.

Subir une défaite ni kupata kipigo, na ndicho kitenzi salama kuliko vyote. Kinafaa gazeti, ripoti na mazungumzo. Essuyer une défaite ina maana ileile. Wanaoanza hushtuka kwa sababu essuyer wanaijua kama kufuta vyombo kwa kitambaa. Hapa hakuna kinachofutwa: essuyer un échec, essuyer un refus (kukataliwa), essuyer des tirs (kushambuliwa kwa risasi), zote ni kupatwa na jambo baya.

Mshindi akiwa ndiye mtenda, tumia infliger … à: Le Maroc a infligé une lourde défaite à la Tanzanie. Hayo ni ya tarehe 17 Januari 2024, San Pédro, 3-0. Ukisahau à, sentensi inakufa.

Kwenye uchaguzi, reconnaître sa défaite ndiyo kauli ya kukubali matokeo. Usiku wa tarehe 25 Machi 2012, Abdoulaye Wade a reconnu sa défaite, akampigia simu Macky Sall kumpongeza. Concéder sa défaite utaiona pia, lakini wanaochunga lugha huikunjia uso. Reconnaître haitakuletea ugomvi na mtu.

Wachambuzi wa mpira hawapendi kurudia défaite kila sentensi, kwa hiyo hukimbilia s'incliner, kuinama. La Tanzanie s'incline 3-0. Ni neno la heshima kidogo, kama mtu anayeinamisha kichwa mbele ya aliyemzidi. Kwa wakati uliopita linataka être, na kikomo cha kitenzi hufuata jinsia: la Tanzanie s'est inclinée, le Kenya s'est incliné. E ile ya ziada ndiyo inayokosekana zaidi kwenye maandishi ya wanafunzi.

Kwa matuta: s'incliner aux tirs au but. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2022 iliisha 3-3, Argentina ikashinda 4-2 kwa penalti, na magazeti ya Ufaransa yaliiita défaite bila kusita.

Kupoteza mezani nako kuna kauli yake, na imekaribia yetu mno: défaite sur tapis vert, kushindwa "kwenye zulia la kijani". Zulia hilo si nyasi za uwanja. Ni kitambaa cha kijani kinachotandikwa juu ya meza ya kikao.

Halafu kuna tenir en échec. Ukisoma La Tanzanie tient la RDC en échec, usikimbilie kushangilia wala kulia. Maana yake ni sare. Ndivyo ilivyokuwa Korhogo tarehe 24 Januari 2024, 0-0. Échec hapo imetoka kwenye sataranji: mfalme amebanwa, hajaangushwa. Sare yenyewe ni un match nul, lakini ce match est nul ni malalamiko kwamba mechi ni mbovu. Neno dogo est ndilo linalobadilisha kila kitu.

Kitenzi défaire chenyewe

Kinafuata faire, pamoja na vituko vyake: je défais, tu défais, il défait, nous défaisons, vous défaites, ils défont. Ona kwamba vous défaites (mnafungua) na les défaites (vipigo) huandikwa sawa. Na vous défaisez ni kosa ambalo halisameheki hata kwa mtoto.

Nyumbani utakitumia sana: défaire ses valises, kutoa nguo kwenye masanduku baada ya safari, défaire un nœud, kufungua fundo, un lit défait, kitanda kisichotandikwa. Un visage défait ni uso uliosawijika, wa mtu aliyepewa habari mbaya au asiyelala siku mbili, wala si lazima awe ameshindwa na mtu. Se défaire de ni kuachana na kitu au kukiondoa: gari bovu, tabia, mgeni asiyeondoka.

Je, unaweza kusema Simba a défait Young Africans? Ufaransa, Kinshasa au Bujumbura, hapana. Neno hilo la kumshinda adui limebaki kwenye vitabu vya historia. Sema a battu. Lakini kwa ndugu walioko Montréal, Kanada, jibu ni tofauti: magazeti ya michezo ya Québec huandika a défait kila siku, na hapo hakuna kosa. Usiipeleke Paris tu.

Majirani zake

Déroute ni kushindwa kunakoisha kwa kutimka ovyo, kila mtu na njia yake. Mettre en déroute ni kuwatimua. Débâcle ni zaidi: kila kitu kinaporomoka kwa pamoja. Asili yake ni barafu ya mto inayovunjika na kusombwa na maji, na Wafaransa hulitumia hasa kwa anguko la jeshi lao mwaka 1940. Usiliite débâcle bao moja la dakika za majeruhi. Revers (ya kiume, s haitamkwi) ni pigo la kurudisha nyuma, si mwisho wa vita.

C'est la Bérézina ! ni kauli ya mtaani ya "mambo yameharibika kabisa". Imetokana na mto wa Belarus ambao jeshi la Napoléon liliuvuka Novemba 1812 kwa hasara kubwa ya watu. Ajabu ni kwamba walifanikiwa kuvuka; lugha imekumbuka maiti ikasahau daraja.

Kwa "kichapo" cha vijiweni kuna raclée na déculottée: prendre une raclée, kula kichapo. Déculottée ni kuvuliwa suruali, kwa hiyo hufaa kati ya washabiki, haifai kwenye ripoti. Utasikia pia branlée. Hiyo mzizi wake ni mchafu. Iache hukohuko, hasa mbele ya wakwe.

Défaitiste si aliyeshindwa. Ni anayetangaza kushindwa kabla ya mapambano kwisha, na neno hilo lilienea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kama tuhuma nzito. Aliyeshindwa ni le vaincu au le perdant. Na yule ambaye sisi tunamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani, wao humwita mauvais perdant.

Jipime

Funika majibu, andika kwanza.

1. Kenya ilipata kipigo kikubwa kutoka kwa Senegal.
2. Nimeshindwa kuelewa swali.
3. Mgombea amekubali kushindwa.
4. Uganda imelazimishwa sare na Rwanda.
5. Mradi umeshindwa.
6. Comoro wamefungwa ugenini.

Majibu: (1) Le Kenya a subi une lourde défaite face au Sénégal. (2) Je n'ai pas compris la question, na ukitaka kuonyesha kwamba ulijaribu: je n'ai pas réussi à comprendre la question. (3) Le candidat a reconnu sa défaite. (4) L'Ouganda a été tenu en échec par le Rwanda. Tenu bila e, kwa sababu Ouganda ni ya kiume ingawa l' imeificha. (5) Le projet a échoué. (6) Les Comores se sont inclinées à l'extérieur. Nchi ni ya kike na ya wingi, kwa hiyo inclinées inabeba e na s. Ukisahau moja kati ya hizo mbili, sikio la Mfaransa halitagundua, ila jicho lake litagundua.